SOMO: Bastola ndogo ya kubeba kila siku chini ya shati, soma kabla hujaniuliza "nichukue ipi?"

Wakuu, salaam kutoka Tabora. Nimeandika hili ili kila anayenifuata na swali la "mzee, nichukue ipi?" nimwelekeze hapa, niendelee na shughuli zangu. Wananiuliza wanunuzi wa tumbaku wa Urambo na Kaliua, wenye maduka ya jumla hapa mjini, na siku hizi hata jamaa wa dagaa wa Kigoma. Wote wanataka jina la bastola. Jina linakuja mwisho kabisa. Ukianza na jina utanunua chuma kizito cha kukaa kabatini, halafu siku unayokihitaji hunacho.

Hatua ya 1: Kibali. Huna kibali, ishia hapa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka uwe na miaka 25, na maombi yanaanzia serikali ya mtaa au kijiji, yanapanda kwenye kamati za ulinzi na usalama, polisi wakiwa ndani ya mchakato wote. Hakuna njia ya mkato, usinitumie ujumbe wa siri kuniuliza kama ipo.

Hatua ya 2: Jiulize unalinda nini. Kama ni fedha za mauzo, peleka benki au kwa wakala kila jioni. Mwizi hana habari na mtu asiyebeba fedha.

Hatua ya 3: Anza na risasi, bastola baadaye. Hapa ndipo wengi wanapozamisha fedha, na mimi nimo. Mtu anakwambia "ni ya milimita tisa" na unaona mambo yameisha. Hayajaisha. "Tisa" ziko angalau tatu utakazokutana nazo, na hazibadilishani (namba ya kwanza ni unene, ya pili ni urefu wa ganda, kwa milimita):

9x19, iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20. Kwenye kitako cha ganda utaona 9x19, 9 Luger au 9 Para. Ndiyo iliyoenea kuliko zote.

9x17, ya John Browning, 1908. Hii ina majina kama mtoto wa kambo: .380 Auto, 9 Kurz kwa Wajerumani, 9 Corto kwa Waitaliano. Yote ni kitu kimoja.

9x18, ya Makarov ya Kirusi. Jina linasema tisa, lakini kichwa cha risasi ni kinene, kama milimita 9.27, wakati ile ya 9x19 ni kama 9.01.

Sasa angalia hatari. Ile ya 9x17 ni fupi, kwa hiyo ukiiweka kwenye bastola ya 9x19 inaweza kuzama ndani ya chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu. Ikikosa kulipuka una bahati. Ikilipuka, ganda halijashikwa vizuri na mkono wako uko sentimita chache kutoka hapo. Ya Makarov nayo mtu anailazimisha kwa sababu "imeingia nusu". Usilazimishe. Kaliba, yaani kipimo cha risasi, imeandikwa kwenye mtutu wa bastola, imeandikwa kwenye kitako cha ganda, na imeandikwa kwenye leseni yako. Vitu vitatu viseme neno moja. Kimoja kikitofautiana, rudisha.

Jambo la pili la hatua hii: kabla hujatoa hata shilingi, uliza risasi za kaliba hiyo zinapatikana wapi. Watu wengi huagiza Morogoro, kwa Shirika la Mzinga, au kwenye maduka ya silaha yenye leseni ya miji mikubwa. Mimi niliambiwa na muuzaji mmoja "risasi zipo nyingi tu, usiwe na wasiwasi". Zilikuwepo za kaliba nyingine. Nilibaki na bastola nzuri, nyepesi, isiyokuwa na chakula, maana huwezi kwenda na leseni ya kaliba hii ukauziwa risasi za ile. Kwa hiyo pigia duka simu, taja kaliba kwa namba zote mbili, uambiwe "tunazo, njoo".

Hatua ya 4: Kiganja chako. Shika bastola ikiwa tupu, umehakikisha mwenyewe na muuzaji anaona. Kidole kifike kwenye kifyatulio bila kuhamisha kiganja. Vuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, mwenyewe mara kadhaa. Ikikushinda dukani, itakushinda zaidi ukiwa na hofu. Na usidanganyike na udogo: kadiri ilivyo nyepesi ndivyo inavyopiga teke. Ruger LCP haifiki gramu 300 ikiwa tupu, inakaa mfukoni kama simu, lakini wenye nayo wengi hawafanyi mazoezi kwa sababu inauma mkono. Makarov tupu ni gramu 730, inakaa mkononi, ila utaisikia kiunoni mchana kutwa.

Hatua ya 5: Holsta, yaani mfuko wa kubebea bastola. Nenda na bajeti ya vitu viwili, bastola na holsta. Watu wanamaliza fedha kwenye bastola halafu wanaichomeka kiunoni kavu kavu, au kwenye kitambaa laini cha sokoni. Holsta ya kubeba chini ya nguo lazima ifanye kazi tatu: ifunike kifyatulio chote kwa kitu kigumu, kidole wala upindo wa shati usipite, iishike bastola hata ukiinama kufunga kamba za viatu, na mdomo wake ubaki wazi unapotoa bastola, usijifunge. Kitambaa laini kinashindwa zote tatu. Ngozi nzuri ni sawa, plastiki ngumu ni sawa. Ngozi ikizeeka na kulegea, itupe, kwa sababu mdomo wake unaingia ndani wakati unarudisha bastola na unaweza kubonyeza kifyatulio. Bastola nyingi za kisasa kama Glock hazina kile kitufe cha usalama cha kusukuma kwa kidole gumba. Usalama wake mkubwa uko kwenye kifyatulio chenyewe, kwa hiyo kifyatulio kisichofunikwa ni hatari inayotembea.

Unaporudisha bastola, fanya polepole na uangalie. Hakuna mtu aliyewahi kupewa zawadi kwa kurudisha haraka.

Mkanda uwe mgumu. Shati lisichomekwe, liwe pana kidogo. Suti ya Kaunda inaficha vizuri kuliko vyote, wazee walijua. Wanaopanda bodaboda: upepo unapandisha shati mgongoni, kwa hiyo bastola ya nyuma ya nyonga inaonekana na mtaa mzima. Vaa koti jepesi au panda bajaji.

Hatua ya 6: Kuitoa risasi. Magazini, kile kisanduku cha risasi, kwanza, slaidi baadaye. Ukigeuza mpangilio umeingiza risasi nyingine kwenye chemba. Kutoa magazini pekee hakuifanyi bastola iwe tupu, ile moja iliyo kwenye chemba bado imo. Angalia kwa macho, kisha ingiza kidole kidogo upapase. Mdomo wa mtutu uelekee mahali ambapo hata ikilia haimdhuru mtu, na ukuta wa tofali mbichi si mahali hapo.

Nyumbani, sanduku la chuma lenye kufuli lililofungwa ukutani kwa bolti. Juu ya kabati si mahali, watoto wanajua juu ya kabati kuna nini kabla yako.

Hatua ya 7: Haya, majina. Ukipita hatua zote, uwanja unabaki mdogo. Glock 43 ya 2015, risasi 6 kwenye magazini, nyembamba, 9x19. Glock 26, risasi 10, nene kidogo lakini inatulia mkononi. SIG P365 ya 2018 imeingiza risasi 10 kwenye umbo dogo sana. Kwa asiyependa slaidi, rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, ya Smith & Wesson 642, risasi 5 za .38 Special: ikigoma unavuta tena, ila kifyatulio chake ni kizito na shabaha yake inataka mazoezi kweli. Walther PPK ni nzuri machoni, lakini slaidi yake inajulikana kung'ata nyama kati ya kidole gumba na kiganja kwa wenye mikono mikubwa. Mimi nabeba Glock 26. Si lazima uwe kama mimi.

Ukiipoteza au kuibiwa, kituo cha polisi siku hiyo hiyo, kabla ya kumwambia hata mkeo.

MASWALI

Kijana wa Nzega: Mzee andiko refu sana, mimi nataka jina moja tu ninunue.

Mzee wa Cheyo: Hatua ya 3.

Kijana wa Nzega: Nimesoma, bado sijaona jina.

Mzee wa Cheyo: Majina yako hatua ya 7. Basi hujasoma.

Mama Kibirizi: Shikamoo mzee. Niko Kigoma, biashara ya dagaa, kibali kimetoka mwezi uliopita. Dukani nilishindwa kuvuta slaidi za bastola mbili, nikaona aibu. Na mimi navaa dera, mkanda sivai. Nifanyeje?

Mzee wa Cheyo: Marahaba mama, karibu. Aibu weka pembeni, wanaume wengi pia inawashinda, hawasemi tu. Tatizo mara nyingi ni namna ya kushika. Usivute slaidi kwa ncha za vidole. Ifunike kwa kiganja chote cha kushoto, sogeza bastola karibu na kifua, mdomo ukielekea mbele salama, halafu sukuma mkono wa kulia mbele kama unasukuma mlango. Nguvu ya mwili mzima inaingia. Ikishindikana bado, tafuta ya 9x17 ambayo mtutu na slaidi yake vinafungana wakati wa kulipua, kama Glock 42. Springi yake ni laini. PPK nayo ipo ya kaliba hiyo hiyo lakini springi ni ngumu, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi ya kuzuia slaidi. Ila kumbuka hatua ya 3, uliza risasi kwanza.

Kuhusu dera: kuna mikanda mipana ya mpira ya kuvaa tumboni, lakini chagua yenye kikombe kigumu kwenye kifyatulio. Tabu ni kulipandisha dera lote ili uifikie. Siku za kwenda na mzigo vaa blauzi ya kitenge juu ya sketi yenye mkanda. Mkoba usiutegemee, na ukilazimika, mfuko wake uwe wa bastola peke yake, bila funguo wala kalamu, na mkoba usitoke begani.

Mama Kibirizi: Asante sana mzee. Ya kusukuma nitaijaribu.

Mpita Njia Kasulu: Huku mpakani kuna jamaa anazo bei poa. Naweza kuanza na moja wakati nasubiri kibali?

Mzee wa Cheyo: Hapana. Hiyo ni kesi yenye mtutu. Hujui imefanya nini kabla yako, na ikikamatwa nawe, yote iliyofanya yanakuwa yako. Usiulize tena hapa.

Mtoto wa Mwanajeshi: Unatisha watu. Marehemu baba alibeba Makarov mfukoni bila holsta miaka yote, hakuna lililotokea.

Mzee wa Cheyo: Mungu amrehemu. Makarov ina kifunga usalama kwenye slaidi, na kifyatulio chake cha mpigo wa kwanza ni kirefu na kizito. Baba yako alibeba bastola iliyomvumilia. Ukibeba Glock kwa mtindo ule, haitakuvumilia. Na kama ile Makarov bado iko nyumbani, ipelekeni polisi. Leseni ilikuwa ya kwake, hairithiwi pamoja na ng'ombe.

Mtoto wa Mwanajeshi: Ilishapelekwa.

Mzee wa Cheyo: Vizuri.

Mwalimu wa Fizikia: Mzee, umesema nyepesi inapiga teke zaidi. Unaweza kueleza kwa namba? Nina wanafunzi wa kidato cha tatu.

Mzee wa Cheyo: Swali zuri hili. Chukua risasi ya 9x19 yenye kichwa cha gramu 8, inatoka kwa mita kama 350 kwa sekunde. Zidisha 8 kwa 350, unapata 2800. Gawanya kwa uzito wa bastola: yenye gramu 500 inarudi kwa mita 5.6 kwa sekunde, yenye gramu 1000 inarudi kwa 2.8. Gesi za baruti zinaongeza kidogo juu ya hapo. Na nishati inafuata mraba wa kasi, ndiyo maana nyepesi inaumiza kuliko unavyotegemea. Mtutu mfupi nao unatoa moto na kelele zaidi, mtu anafumba macho, shabaha inakwenda zake.

Mwalimu wa Fizikia: Safi. Jumatatu naitumia, ila nitasema gobori.

Fundi Baiskeli Ujiji: Mimi tatizo langu ni kutu. Jasho la kiunoni na unyevu wa ziwani, baada ya wiki alama nyekundu zinaanza.

Mzee wa Cheyo: Ifute kila jioni kwa kitambaa kikavu, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa, upitishe juu ya chuma. Tone moja. Huku kwetu vumbi likikutana na mafuta mengi yanakuwa msasa. Mafuta ya alizeti usiguse, yanaganda kama gundi. Na usiihifadhi usiku ndani ya holsta ya ngozi, ngozi inashika unyevu.

Muuza Asali Sikonge: Kwenye ngozi yenyewe mimi napaka nta ya nyuki, nimeiyeyusha na mafuta kidogo. Jasho halipenyi.

Mzee wa Cheyo: Hiyo ni kweli, naiunga mkono. Ila upande wa nje tu, ndani ikinata bastola haitoki.

Fundi Baiskeli Ujiji: Nta unauza kwa kilo?

Muuza Asali Sikonge: Hata robo. Wiki ijayo natuma mzigo Kigoma kwa treni, nitakuwekea.