Harufu ya kinywa: anzia nyuma ya ulimi

Ndugu zangu wa Goma, kuna watu wanaosugua meno vizuri kila asubuhi na bado harufu inabaki. Mara nyingi inatoka nyuma kabisa ya ulimi. Pale hujengeka utando mweupe au wa manjano, na bakteria walio ndani yake huvunja mabaki ya chakula na kutoa gesi zenye salfa. Hizo ndizo zinazonuka. Simama mbele ya kioo, toa ulimi, ukwangue taratibu kutoka nyuma kuja mbele kwa mswaki au ukingo wa kijiko, ukisuuza kila mara. Ukisikia kichefuchefu, toa pumzi polepole, kitapita.

Usiku mate hupungua, kwa hiyo kama ni kuchagua, mimi mswaki wa kabla ya kulala siuachi kamwe. Dakika 2, kwa dawa yenye floridi. Ukila sombe na sambaza, pitisha uzi katikati ya meno, maana vipande hukwama mswaki usipofika. Wale wa moto (pikipiki) mnaoshinda juani bila kunywa kitu, tafadhali mnywe maji: kinywa kikavu hunuka haraka. Bombo (peremende) za minti hufunika tu, na zenye sukari huozesha meno.

Fizi zikitoka damu, nenda kwa daktari wa meno mapema. Na mtoto mdogo akinuka siku nyingi, apimwe koo na pua pia. Wakati mwingine ni punje ya haragi aliyojisukumizia puani.