Edmonton, mji wa hoki: mwongozo wa maisha ya kila siku mambo yakiwa hayajatulia

Kuanzia Oktoba hadi Aprili, na hadi Juni timu ikifika mbali, Edmonton, mji wa mkoa wa Alberta nchini Kanada, hupanga jioni zake kwa kufuata ratiba ya Oilers, timu yake ya hoki ya barafu. Watu hubadilishana zamu, treni hujaa kuanzia saa kumi na mbili jioni, na salamu ya kazini asubuhi ni matokeo ya jana. Timu hiyo ilichukua Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi kuu ya hoki ya NHL, mara 5 kati ya 1984 na 1990. Tangu hapo imefika fainali mwaka 2006, 2024 na 2025 na kushindwa zote, mbili za mwisho mikononi mwa Florida Panthers. Kidonda bado kibichi, kwa hiyo usimtanie mwenzako juu ya Florida kama hujamzoea.

Miaka hiyohiyo imeleta misukosuko mingine: ushuru wa Marekani tangu Machi 2025, migomo ya posta, mgomo wa walimu wa Oktoba 2025, na serikali ya Kanada kupunguza idadi ya wakaazi wapya. Tumewaandikia mliohamia huku kutoka Nairobi, Mwanza, Bukavu au Bujumbura, na ushauri wetu wa kwanza hauhusu karatasi. Anza na barafu ya mtaani kwako. Jirani mliyeinama naye benchi moja mkiwafunga watoto kamba za viatu ndiye atakayekushikia mwanao siku shule zitakapofungwa ghafla.

Chama cha mtaa

Edmonton ina vyama vya mitaa zaidi ya 160, na cha kwanza kilianzishwa mwaka 1917. Kwenye majengo yao utaona kibao kimeandikwa Community League. Vingi vina kiwanja cha barafu cha nje ambacho watu wa kujitolea humwagia maji usiku wa baridi kali mpaka barafu ishike. Lipa ada ya uanachama ya mwaka kwa familia nzima, kisha uliza kuhusu kitambulisho cha kufunga kwenye viatu vya barafu, kwa sababu hicho ndicho kinachokuruhusu kuteleza hata kwenye viwanja vya vyama vingine.

Mara nyingi utakuta barafu mbili. Yenye kuta za mbao ni ya hoki, na ile iliyo wazi ni ya kuteleza tu. Usiingie na gongo kwenye ile ya wazi, maana hapo ndipo wanapojifunza watoto wa miaka mitatu. Usikanyage barafu ya mabwawa ya maji ya mvua yaliyo katikati ya mitaa, hata kama inaonekana nene. Maji chini yake hupanda na kushuka, na barafu hubaki na mapengo yasiyoonekana.

Kama kipato ni kidogo, omba mpango wa jiji uitwao Leisure Access Program, unaokupa nafuu kwenye vituo vya michezo vya jiji, pamoja na viwanja vya barafu vya ndani. Wa nauli ya mwezi unaitwa Ride Transit Program. Mipango hii iliwekwa kwa ajili ya wakaazi kama wewe, usione haya.

Viatu na vifaa vya mtoto

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na kosa kubwa ni lile tulilokuja nalo kutoka nyumbani: kumnunulia mtoto kiatu kikubwa ili akikulie. Kiatu cha barafu kikiwa kikubwa, kifundo cha mguu huanguka ndani, mtoto hutembelea ubavu wa kiatu, na baada ya wiki mbili anasema mchezo huu hauwezi. Kipimo cha kiatu cha hoki huwa kidogo kuliko cha kawaida, kwa namba moja hadi moja na nusu. Akisimama wima, vidole viguse mbele kidogo tu. Akikunja magoti, vidole virudi nyuma na kisigino kikae imara bila kunyanyuka. Nafasi ya kukua isizidi nusu namba.

Avae soksi moja nyembamba. Wazazi wengi huongeza soksi mbili za sufu wakiogopa baridi, kumbe kiatu kinabana, damu haipiti vizuri, na miguu inaganda haraka zaidi.

Kufunga kamba kuna utaratibu wake. Mtoto akae, apige kisigino sakafuni mara mbili tatu ili mguu urudi nyuma. Kamba za vidoleni zilegee kidogo, za katikati kwenye mkunjo wa mguu zikazwe sana, za juu zikazwe kiasi cha kumwacha akunje goti. Usizungushe kamba zilizobaki kwenye kifundo.

Kiatu kipya kutoka dukani mara nyingi hakijanolewa. Mtoto akiingia nacho barafuni atateleza pembeni kama yuko juu ya sabuni, na nyote mtadhani tatizo ni yeye. Peleka kikanolewe kwanza. Mwambie fundi ni wa mtoto anayeanza, au taja kipimo cha nusu inchi ambacho wengi hutumia. Baada ya hapo chuma kisiguse saruji wala lami hata hatua tatu. Vaa vifuniko vya chuma unapotembea, na mkitoka barafuni futa maji kwa kitambaa kikavu. Vifuniko vile vya plastiki ngumu usiviache vimevalishwa nyumbani, vinatunza unyevu na chuma kinaota kutu.

Kwa kuteleza tu, helmeti, glavu na viatu vinatosha. Akianza kucheza, orodha ni hii: helmeti yenye wavu wa chuma usoni na alama ya ubora ya CSA, kinga ya shingo yenye alama ya ubora ya BNQ, kinga ya meno, kinga za mabega, viwiko na ugoko, kinga ya sehemu za siri, suruali ya hoki, glavu, soksi ndefu, na gongo. Gongo likisimamishwa wima mbele yake lifike puani akiwa na soksi, au kidevuni akiwa amevaa viatu vya barafu. Msichana anayevaa hijabu avae ile nyembamba ya michezo inayobana kichwa, isiyo na pini, kisha helmeti juu yake irekebishwe upya.

Mtumba wa hoki ni mzuri na hakuna anayekucheka. Tafuta duka la Play It Again Sports, au tovuti ya Kijiji, ambayo jina lake ni neno letu lenyewe. Nunua mtumba wa chochote isipokuwa kinga ya meno, na kwenye helmeti uwe mkali: ikiwa na ufa, povu lililokauka, au skrubu zisizofanana, iache. Helmeti zenye alama ya HECC, alama ya ubora ya Marekani, zina tarehe ya mwisho, miaka 6 na nusu tangu zitengenezwe. Familia yenye kipato kidogo iende Sport Central, shirika linalowapa watoto vifaa vya michezo bure. Ada ya usajili inaweza kusaidiwa na mifuko ya hisani ya KidSport au Jumpstart, lakini tuma maombi mapema, kabla ya msimu, kwa sababu fedha zao si bahari.

Vikundi vya umri huitwa U7 (yaani chini ya miaka 7), U9, U11, U13, U15 na U18. Mzazi mmoja hutakiwa kumaliza kozi ya mtandaoni ya Respect in Sport, inayohusu kuheshimiana michezoni. Timu pia itakutaka ujitolee, na hapa Alberta kazi hiyo huweza kuwa zamu ya usiku kwenye kasino, kwa sababu vyama vya michezo huchangisha fedha huko kwa leseni ya mkoa. Kama dini yako haikuruhusu, mwambie msimamizi mwanzoni mwa msimu na uombe kazi nyingine, kama vile kutunza saa ya mchezo. Ukinyamaza halafu usitokee, utaonekana umekwepa, na jina hilo haliondoki upesi.

Baridi

Upepo ukifanya baridi ihisiwe kama -28, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Ikifika -40, dakika 5 hadi 10. Angalia pua, masikio na mashavu ya mtoto: ngozi ikiwa nyeupe kama nta na haina hisia, ingia ndani. Usiisugue, usitie theluji, usiiweke kwenye hita. Tumia maji ya vuguvugu, kama nyuzi 38 hivi. Nguo ya kugusa ngozi isiwe pamba, kwa sababu pamba hushika jasho na jasho huwa barafu.

Gari lina waya wa umeme mbele, nao ni wa hita ya injini. Kuanzia -15 lichomeke. Saa 3 au 4 kabla ya kuwasha zinatosha, kwa hiyo weka kifaa cha kupima saa badala ya kulipia umeme wa usiku kucha. Waya wa kuongezea uwe wa matumizi ya nje na wenye pini tatu.

Usiku wa mechi

Kwa aliyezoea kandanda: wachezaji 6 kila upande pamoja na kipa, vipindi 3 vya dakika 20, mabadiliko wakati wowote bila kumuuliza refa. Kuotea kupo, ila kunapimwa kwa mstari wa bluu: usiutangulie kabla ya kile kisahani cha raba. Aliyefanya faulo hukaa nje dakika 2 na timu yake hucheza pungufu. Mechi za mtoano zikienda sare hakuna penalti. Huongezwa vipindi kamili vya dakika 20 mpaka goli lipatikane, hivyo mechi iliyoanza saa mbili usiku inaweza kupita saa sita. Jua treni yako ya mwisho ni ya saa ngapi kabla hujatoka nyumbani.

Rogers Place, uwanja wa Oilers, iko katikati ya jiji, na kituo cha treni cha MacEwan kiko mlangoni pake. Msongamano ukikutisha, tembea hadi Churchill. Tiketi ni za kwenye simu tu. Anayekuuzia picha ya tiketi na kutaka pesa kwa Interac, njia ya kutuma pesa kutoka benki hadi benki, ni tapeli, na pesa ya Interac ikishapokelewa hairudi. Ukitaka kuona hoki nzuri kwa bei ndogo, nenda ukawaone vijana wa Oil Kings palepale Rogers Place, au Golden Bears (wanaume) na Pandas (wanawake) wa Chuo Kikuu cha Alberta. Uwanja wa mashabiki ulio nje huitwa Moss Pit, kwa heshima ya Joey Moss, aliyehudumu chumba cha wachezaji kwa miaka mingi akiishi na hali ya Down. Alifariki 2020, na mji unampenda mpaka leo.

Tusikilizeni hapa kwa makini. Tangu 18 Desemba 2018, kuendesha ukiwa umelewa ni kosa ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 10. Kwa sheria ya uhamiaji hilo ni kosa zito, na mkaazi wa kudumu akitiwa hatiani anaweza kupoteza ukaazi, hata kama hakimu alimtoza faini tu. Mwenye leseni ya GDL, ile ya dereva anayeanza, haruhusiwi hata tone la pombe wala bangi. Bia mbili za kusherehekea ushindi zisikurudishe Entebbe.

Misukosuko yenyewe

Siasa utaisikia kazini. Februari 2025 mashabiki walizomea wimbo wa taifa wa Marekani viwanjani, na Kanada iliposhinda fainali ya 4 Nations, mashindano ya hoki ya mataifa manne, dhidi ya Marekani kwa goli la Connor McDavid wa hapa Edmonton, watu walilia. Ukisikia “elbows up”, yaani “viwiko juu”, ni lugha ya hoki ya kusema tutajilinda. Suala la Alberta kujitenga na Kanada linagawa hata familia. Sikiliza zaidi ya unavyosema mpaka uwajue watu.

Posta imegoma Novemba 2024 na tena Septemba 2025, kwa hiyo usitegemee bahasha. Malipo ya serikali, pamoja na posho ya watoto, yaingie moja kwa moja benki. Bili zije kwa barua pepe, kwa sababu mgomo haukuondolei deni. Pasipoti unayoipeleka ubalozini Ottawa itume kwa kampuni binafsi yenye namba ya kufuatilia, na ulipie bahasha ya kurudi.

Walimu walipogoma, kuanzia tarehe 6 hadi 28 Oktoba 2025, mkoa ulitoa dola 30 kwa siku kwa mtoto wa miaka 12 au chini, lakini pesa haikai na mtoto. Familia 3 au 4 za chama kimoja zikigawana siku, kila mzazi hukosa kazi mara moja au mbili tu kwa wiki.

Idadi ya wakaazi wapya wa kudumu kwa 2025 ilishushwa kutoka 500,000 zilizopangwa hadi 395,000, na foleni ni ngumu. Mwenye kibali cha kazi atume ombi la kuongeza muda kabla hakijaisha. Hapo ataendelea kufanya kazi kwa masharti yaleyale akisubiri jibu, ila akitoka nchini haki hiyo hukatika. Mwenye ukaazi wa kudumu ahesabu siku 730 ndani ya miaka 5, na anayetaka uraia siku 1,095. Kuifuata timu Marekani kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania kunahitaji viza hata ukiwa na kadi ya ukaazi, na masharti yanabadilika mara kwa mara. Yaangalie upya kabla hujanunua tiketi.

Machi barafu ya nje hulainika na viwanja hufungwa kimoja kimoja. Huo ndio wakati wa kununua mtumba, watu wanapotoa vifaa gereji. Viatu subiri hadi Septemba, mguu wa mtoto ukishajulikana umefika wapi.