Hula hupu yenye uzito: jinsi ya kuanza nyumbani bila kujiumiza

Wengi ninaowafundisha huja na malalamiko yale yale: hupu, ile pete kubwa ya kuzungusha kiunoni, haikai. Inazunguka mara mbili, ya tatu iko magotini. Nikiwaomba wanionyeshe, naona wote wanakata kiuno. Wanazungusha nyonga duara kamili kama wako ngomani, wanatoka jasho, na hupu inaanguka. Hupu haihitaji kiuno kinachozunguka. Inahitaji msukumo mfupi, wa mbele na nyuma, unaokuja kwa wakati wake.

Kwanza, wapo wanaopaswa kumwona daktari kabla hawajagusa hupu: mjamzito, aliyejifungua au kupasuliwa tumbo karibuni, mwenye ngiri, mwenye matatizo ya pingili za mgongo, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, maana hupu nzito hugonga mwili na mtu huyo huvilia damu upesi.

Hatua ya 1: Chagua hupu inayokufaa

Isimamishe wima sakafuni mbele yako. Ukingo wake wa juu ufike kati ya kitovu na chembe ya moyo. Kwa watu wazima wengi hiyo ni hupu yenye kipenyo cha sentimita 95 hadi 110. Uzito wa kilo 1 hadi 1.5 unatosha.

Watu hudhani hupu nyepesi ya watoto ndiyo rahisi kuanzia. Ni kinyume chake. Ile ndogo huzunguka haraka mno, na ukichelewa kidogo tu imeshaanguka. Kubwa yenye uzito huenda polepole, unaihisi inapokugusa, unapata nafasi ya kuisukuma. Lakini usikimbilie ya kilo 2 au zaidi ukidhani utapata matokeo haraka. Itakuumiza mbavu na mifupa ya nyonga, tena ikishashika mwendo inajiendesha yenyewe, misuli yako inafanya kazi kidogo.

Hupu nyingi za nyumbani huja vipande vipande, unaviunganisha mwenyewe. Chomeka kila kipande mpaka usikie mlio wa kujifunga, kisha kivute kwa nguvu. Rudia ukaguzi huo kila siku kabla ya mazoezi, kwa sababu kiungo kikiachia wakati hupu inazunguka, kipande kinaruka na kinaweza kumpiga mtu usoni. Ile aina ya mkanda unaofungwa kiunoni, yenye mpira mdogo mzito unaoning'inia kwenye kamba, ni zoezi lingine. Maelezo yangu hayaihusu.

Hatua ya 2: Andaa mahali na mavazi

Nyoosha mikono pande zote, kisha ongeza hatua moja kila upande. Hapo pasiwe na meza, kioo wala mtoto anayepita. Vaa nguo ya pamba inayoshika mwili. Kitambaa kinachoteleza huishusha hupu hata kwa aliyezoea. Toa simu na funguo mfukoni. Miguu iwe peku au ndani ya viatu bapa.

Hatua ya 3: Jifunze msukumo bila hupu

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoamua kila kitu. Weka mguu mmoja mbele kidogo, magoti yalegee, mgongo unyooke. Sasa hamisha uzito wa mwili kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, kisha urudi. Mwendo wa kitovu usizidi upana wa kiganja chako. Kifua kitulie, mabega yatulie. Ukiona kichwa kinayumba, umezidisha.

Fanya hivyo dakika mbili, ukihesabu kwa sauti: mbele, nyuma, mbele, nyuma. Niliwahi kumfundisha mama mmoja aliyekuwa amekata tamaa kabisa. Tulitumia siku mbili nzima kwenye msukumo huu peke yake, hupu ikiwa imeegemezwa ukutani. Siku ya tatu aliishika, na ikakaa kiunoni kwake karibu dakika nzima kwenye jaribio la nne.

Hatua ya 4: Izungushe

Ingia ndani ya hupu, ishike kwa mikono miwili, na uiegemeze nyuma ya kiuno, juu kidogo ya mifupa ya nyonga. Ilale sambamba na sakafu. Hapa makosa ni mengi: ikiinama upande mmoja tangu mwanzo, hutaiokoa. Irudishe kidogo kinyume cha upande unaotaka iende, kisha irushe kwa nguvu, na papo hapo anza msukumo wako. Inapogusa tumbo, sukuma mbele. Inapogusa mgongo, sukuma nyuma. Mikono iinue juu ya kifua.

Ikianza kushuka, mwili utataka kuongeza ukubwa wa mwendo. Kataa. Ongeza kasi, uache ukubwa ulivyo. Kunja magoti kidogo zaidi, na ugeuke taratibu kuelekea kule kule hupu inakokwenda. Ukigeuka hivyo unaihisi ikizunguka polepole zaidi mwilini mwako, nawe unapata muda wa kuipandisha. Usipinde mgongo kwenda nyuma hata iweje, na usizuie pumzi.

Hatua ya 5: Panga muda

Wiki ya kwanza, dakika 2 au 3 kila upande zinatosha, siku tatu au nne tu. Utaona alama za wekundu au michubuko midogo kiunoni. Ikiwa inauma ukiibonyeza, pumzika mpaka ipone. Fulana nene kidogo husaidia siku za mwanzo. Maumivu ya ndani ya mgongo au yanayoshuka mguuni ni jambo jingine: acha, umwone daktari. Baada ya wiki hiyo ya kwanza ongeza dakika moja moja mpaka ufike 10 au 15.

Huna haja ya saa nzima. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 nchini Finland, watu 53 wenye uzito uliozidi walizungusha hupu ya kilo 1.5 kwa wastani wa dakika 13 kwa siku, wiki 6, na kipindi kingine cha wiki 6 wakatembea takriban hatua 10,000 kwa siku. Kiuno kilipungua kama sentimita 3 katika kipindi cha hupu, chini ya sentimita 1 katika kipindi cha kutembea. Lakini kutembea ndiko kulikoshusha shinikizo la damu. Kwa hiyo usiache kutembea kwa sababu umepata hupu.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote katika hatua hii ni kubadilisha upande. Kila mtu ana upande mmoja mwepesi na mwingine unaomkataa. Ukizungusha mwepesi tu, misuli ya ubavu mmoja inafanya kazi zaidi ya mwenzake. Anza na ule mgumu kila siku, ukiwa bado na nguvu, hata kama hupu inaanguka mara kumi. Ikianguka, iokote, iegemeze tena nyuma ya kiuno, na urushe.