Kudhibiti Joto katika Kamera ya Sinema ya Zamani: Mwongozo kwa Wanaotumia RED Epic na Scarlet Ukanda wa Pwani

Mwongozo huu unahusu kamera za sinema za RED Epic na Scarlet-X zenye kihisi (kipande kinachonasa picha) cha Mysterium-X, zilizoingia sokoni mwaka 2011, ambazo leo zinapatikana mitumba kwa bei inayoweza kumuduwa na mtayarishaji mdogo wa Dar es Salaam au Mombasa. Picha zake bado ni nzuri, na kwa maoni yangu zinapita za kamera nyingi mpya za bei hiyo hiyo, lakini zinatoa joto jingi. Nimeuandika baada ya kumsaidia mwenzangu ambaye kamera yake ilikuwa ikijizima katikati ya mahojiano marefu, ndani ya chumba kilichoezekwa kwa bati, madirisha yakiwa yamefungwa na kiyoyozi kikiwa kimezimwa kwa ajili ya sauti. Mazingira kama hayo ndiyo ya kawaida kwetu msimu wa kaskazi, na mtengenezaji mwenyewe anaeleza kwamba kamera hizi zifanye kazi katika joto la mazingira la kati ya nyuzi 0 na 40 za Selsiasi. Chumba cha bati saa nane mchana hakiko mbali na ukingo huo.

Jambo la kushika kabla ya hatua zenyewe ni kwamba kamera ya aina hii hupozwa kati ya teki, yaani kati ya kurekodi kumoja na kwingine, si wakati wa teki. Wengi hutafuta namna ya kuifanya ivumilie joto wakati inarekodi, ilhali kazi kubwa hufanyika kabla mwongozaji hajasema tuanze.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba kinachoizima ni joto

Kamera iliyozimwa na betri chakavu hufanana kabisa na kamera iliyozimwa na joto. Epic hutumia takriban wati 60, na kwa betri ya volti 14.8 hizo ni ampea 4 zinazotoka mfululizo. Betri iliyozeeka huonyesha volti za kutosha ikiwa imepumzika, kisha volti hizo huporomoka mara kurekodi kunapoanza. Iunganishe kamera na umeme wa ukutani kupitia adapta yake na urekodi kwa muda ule ule, katika chumba kile kile. Ikizima tena, tatizo ni joto. Isipozima, nunua betri na uache kuisumbua feni.

Hatua ya 2: Safisha njia ya hewa

Anza kwa kujua hewa inaingilia wapi na kutokea wapi katika kamera yako, kwa kuwa wamiliki waliotangulia huenda walibadilisha feni. Washa kamera, shika kipande chembamba cha tishu karibu na kila tundu, na utazame kama kinavutwa au kinasukumwa. Baadaye hakikisha kwamba fremu, bati la juu, mpini au betri uliyoifunga haizibi lolote kati ya matundu hayo. Nimeona kamera nzima kabisa ikichemka kwa sababu tu kebo za monita zilikuwa zimekunjwa na kulazwa juu ya feni.

Vumbi la pwani si vumbi kavu. Lina chumvi na unyevu, na ndani ya mapezi ya chuma yanayopoza kamera huganda likawa utando wa kijivu unaoshikamana kama pamba iliyolowa. Kulipuliza peke yake hakutoshi. Ligusie kwanza kwa brashi laini iliyo kavu, kisha tumia pampu ya mkono ya kupulizia lenzi. Unapopuliza, zuia panga la feni lisizunguke kwa kulishikilia na kijiti cha meno, kwa sababu feni inayozungushwa kwa nguvu ya upepo huharibika beringi. Kompresa ya fundi wa matairi usiikaribie: hewa yake hubeba maji na mafuta.

Kama kamera imesafishwa na bado inapanda joto haraka mno, huenda pesti inayopitisha joto kutoka kwenye vipande vya ndani kwenda kwenye mapezi imekauka. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye uzoefu wa kamera. Fundi wa simu, hata awe hodari, simshauri mtu ampelekee.

Hatua ya 3: Punguza mzigo

Monita, kirusha picha kisichotumia waya na mota ya fokasi vipewe umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye betri, visipitie ndani ya kamera. Zima njia za kutolea picha usizozitumia. Usirekodi fremu nyingi kwa sekunde pasipo sababu.

Hatua ya 4: Panga lengo la joto, kisha linganisha weusi

Hapa ndipo watu hupoteza mchana mzima, kwa sababu mambo mawili yanayoonekana kuwa mbalimbali, yaani feni na ubora wa picha gizani, kumbe ni jambo moja.

Menyu ya feni ina namna kadhaa za uendeshaji. Iko ya mkono, ambapo unachagua kasi mwenyewe. Iko inayofuata lengo la joto wakati wa kusubiri na kuwa kimya wakati wa kurekodi, na iko iliyo kimya wakati wote. Mtu wa sauti atakuomba hii ya mwisho. Mkatalie kwa adabu. Katika chumba cha nyuzi 34, ukimya wa wakati wote maana yake ni kwamba unaanza kila teki kamera ikiwa tayari imejaa joto, na nafasi iliyobaki kabla ya kikomo ni ndogo. Namna ninayoipendekeza ni ile ya kufuata lengo wakati wa kusubiri na kutulia wakati wa kurekodi.

Lengo lenyewe lisikisiwe, wala lisinakiliwe kutoka kwa mtu anayepigia picha Ulaya. Kosa la kawaida ni kuweka lengo la chini kwa kudhani kwamba chini zaidi ni salama zaidi. Feni haiwezi kuishusha kamera chini ya joto la hewa inayoivuta, na kwa vitendo haiwezi hata kulikaribia. Ukiweka lengo lisilofikika, feni itazunguka kwa kasi ya juu tangu asubuhi hadi jioni, itapiga kelele, itavuta vumbi maradufu, na bado namba haitashuka. Fanya hivi: nenda mahali pa kazi katika saa ya joto kali kuliko zote, weka feni kwa mkono kwenye kasi ambayo sauti yake unaweza kuivumilia, iache kamera ikiwa imewaka bila kurekodi kwa nusu saa au zaidi, na utazame joto la kiini (vipande vya ndani vya kamera) na la kihisi hadi namba zitulie. Namba ambayo kamera imetulia nayo ndiyo uwezo wa kweli wa mfumo wako mahali hapo. Ongeza nyuzi 2 au 3 juu yake, na hilo ndilo lengo lako.

Baada ya hapo ndipo unapolinganisha weusi, yaani unapoifanya kamera ijifunze kila nukta ya kihisi inatoa kiasi gani cha mkondo pasipo mwanga wowote. Mkondo huo hutegemea sana joto. Katika silikoni huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 6 hadi 8. Kwa hiyo ramani ya weusi, yaani kumbukumbu ya mkondo huo, uliyoitengeneza chumbani kwenye kiyoyozi cha nyuzi 22 haina kazi ufukweni, na dalili yake ni mistari ya wima na vinukta vyenye rangi ndani ya vivuli, ambavyo mhariri atakulaumu navyo wiki mbili baadaye. Kwenye skrini kuna alama ya ulinganifu yenye herufi T na E: ya kwanza ni ya joto, ya pili ni ya muda wa mwanga. Zikiwa za kijani uko salama, njano ni tahadhari, nyekundu maana yake ramani hailingani tena na hali ya kamera. Funga mdomo wa kamera kwa kifuniko chake cha chuma, kwani kifuniko cha lenzi huvujisha mwanga ukiwa juani, weka kasi ya shata utakayoitumia kwenye kazi, ngoja hadi joto lifike kwenye lengo na litulie, ndipo uanze. Usiisogeze wala kuipuliza mpaka imalize.

Utaona sasa kwa nini utaratibu ni huu na si kinyume chake. Lengo la joto lililo thabiti hukifanya kihisi kikae mahali pamoja, na kihisi kikikaa mahali pamoja ramani hudumu. Anayelinganisha weusi kwanza na kuchezea feni baadaye atairudia kazi hiyo kila baada ya chakula cha mchana.

Kuhusu kelele za feni, dawa ni umbali. Sogeza kamera nyuma na utumie lenzi ndefu zaidi, tuseme milimita 85 badala ya 50. Mahali pa wazi, kila unapouongeza umbali maradufu sauti ya feni hupungua kwa desibeli 6. Ndani ya chumba chenye kuta tupu hupungua kidogo kuliko hapo, na mkeka au blanketi nyuma ya kamera husaidia.

Hatua ya 5: Iondoe juani

Wati 60 ndani ya boksi dogo ni kama balbu ya zamani iliyofungwa ndani ya kopo. Sasa ongeza jua. Jua la utosini hufikisha takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Upande wa kamera wenye sentimita 15 kwa 20 na rangi nyeusi unaweza kupokea hadi wati 30 hivi, yaani nusu nzima ya joto ambalo kamera inalitoa yenyewe. Hakuna mpangilio wa menyu utakaokuokolea kiasi hicho, ila mwavuli utakuokolea. Ukitumia kitambaa cheupe, kisilazwe juu ya kamera. Kiwe juu yake kwa upana wa kiganja ili hewa ipite chini. Kati ya teki, mwavuli ubaki pale pale, kwa sababu msaidizi hupenda kumhamishia mwigizaji.

Hatua ya 6: Usiipoze kwa barafu wala kwa kiyoyozi cha gari

Ushauri wa pakiti za barafu unazunguka sana, nami naupinga moja kwa moja. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo ni hali ya kawaida Zanzibar au Tanga, huanza kutoa umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 27. Chuma kilichogusa barafu kiko chini sana ya hapo. Maji hayo hayaishii nje. Feni huvuta hewa yenye unyevu na kuipitisha kwenye mapezi yaliyopoa. Kamera iliyolala chumba cha nyuzi 20 ina hatari hiyo hiyo inapotolewa asubuhi. Iache ndani ya sanduku lililofungwa hadi sanduku lenyewe lipate joto la nje, jambo linaloweza kuchukua saa moja, ndipo ufungue. Wapigapicha wengi hufuta lenzi na kuendelea, wakisahau kwamba ukungu ule ule uko ndani pia.

Ukitaka kuipoza haraka, tumia feni ya mezani ya kawaida, ielekezwe upande hewa inapoingilia. Hewa ya joto inayotembea hupoza vizuri kuliko wengi wanavyodhani.

Hatua ya 7: Panga siku kwa kufuata joto

Mahojiano marefu yawe asubuhi. Teki fupi ziwe mchana. Kabla ya teki ndefu, iache kamera irudi kwenye lengo, na mwongozaji ajue kwamba dakika hizo ni sehemu ya ratiba, kama zilivyo za mtu wa vipodozi. Andika kwenye karatasi joto la mwanzo na la mwisho la kila teki ndefu. Kufikia adhuhuri utajua kwa kila dakika ya kurekodi kamera inapanda nyuzi ngapi, na utaweza kusema bila kubahatisha teki inaweza kuwa ndefu kiasi gani.

Hatua ya 8: Kuzima

Usiizime mara tu baada ya teki ya mwisho. Feni husimama pamoja na umeme, na joto lililomo hubaki ndani likizunguka kwenye vipande vile vile. Weka feni kwenye kasi ya juu kwa dakika 5, kisha zima. Sanduku lisifungwe hadi mwili wa kamera uwe na joto sawa na la mkono, na pakiti za kufyonza unyevu zilizomo zikaushwe au zibadilishwe kila mwezi wakati wa masika.