Kupima amilozi kwenye mchele bila kupata madonge

Wali wa kunata na wa kuchambuka, tofauti yao kubwa iko kwenye wanga, ambao una sehemu mbili, amilozi na amilopektini. Amilozi ikiwa chini ya asilimia 20 wali unashikana, ikizidi 25 unachambuka na ukipoa unakakamaa. Pale sokoni Tandale kila muuzaji atakwambia wake ni mchele wa Kyela orijino, hiyo kipimo hiki hakiwezi kukuthibitishia, ila amilozi yake kinaweza kukuonyesha.

Saga mchele, chekecha upate unga laini kabisa. Pima miligramu 100, tia kwenye flaski ya mililita 100, halafu mililita 1 ya ethanoli (spiriti) ya asilimia 95, tikisa mpaka unga wote ulowe, ndo uweke mililita 9 za kostiki (sodiamu haidroksaidi) ya mola 1. Usiruke hapo kwenye ethanoli! Mi niliruka siku ya kwanza nikaona napoteza muda, nikapata madonge kama uji wa mtu aliyemwaga unga mkavu kwenye maji yanayochemka, na donge halifunguki tena hata ulichemshe vipi.

Chemsha dakika 10 kwenye beseni la maji moto, poza, jaza maji mpaka 100. Chota mililita 5 weka flaski nyingine ya 100, ongeza maji nusu, asidi asetiki ya mola 1 mililita 1, kisha iodini mililita 2 (gramu 0.2 ya iodini na gramu 2 za potasiamu ayodaidi kwenye maji mililita 100). Asidi itangulie maana kostiki inaila iodini rangi ikapotea. Jaza maji, subiri dakika 20, soma kwenye spektrofotomita (mashine ya kupima rangi inavyomeza mwanga), nanomita 620. Bluu ni amilozi, ukiona wekundu wa zambarau ujue amilopektini imetawala.

Mstari wa kulinganishia unatengenezwa kwa amilozi safi ya viazi, miligramu 40, unaipitisha njia ileile kisha unachota mililita 1 mpaka 5, na asidi uipunguze kwa uwiano huohuo, mililita 0.2 kwa kila mililita 1 uliyochota.

Kwa Dar hapa unga unavuta unyevu balaa, hasa masika, kwa hiyo pima unyevu siku hiyohiyo upige hesabu kwa uzito mkavu. Iodini kaa nayo kwenye chupa nyeusi. Na ukihamia mahindi toa mafuta kwanza, yanaishika amilozi, iodini inakosa pa kuingia na namba inashuka.