Mwanasayansi kijana ndani ya IEEE: kutoka kwenye kadi ya uanachama hadi kwenye kazi

Mwongozo huu ni wa mtu aliyemaliza shahada juzijuzi, yuko maabara, anafundisha kama mhadhiri msaidizi au anahangaika na uzamili, na amesikia kwamba kujiunga na chama cha kitaaluma "kunasaidia". Kunasaidia kweli, ila si kwa kulipa ada na kubandika nembo kwenye wasifu. Miaka niliyokaa kwenye kamati za tawi nimeona vijana wa aina mbili: anayelipa akanyamaza hadi uanachama ukaisha, na anayeshika kazi moja ndogo akaimaliza. Huyu wa pili ndiye anayepigiwa simu nafasi inapotokea. Hatua zifuatazo ni za kukufanya uwe yeye.

Nimechagua IEEE (Institute of Electrical and Electronics Engineers), chama cha kimataifa cha watu wa umeme, elektroniki, kompyuta na fani jirani, kwa sababu ndicho chama ninachokijua kwa ndani. Kilizaliwa 1963 kwa kuunganisha vyama viwili vya Marekani, kimojawapo cha tangu 1884, na Afrika yetu iko kwenye Kanda yake ya 8 pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati.

Hatua ya 1: Tofautisha bodi na chama

Hapa wengi huchanganya. Kwa Tanzania, ERB (Engineers Registration Board) ni bodi ya usajili wa wahandisi iliyoundwa kwa sheria. Kenya kuna EBK (Engineers Board of Kenya), chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011. Bodi hizi ndizo zinazokuruhusu kujiita mhandisi na kusaini michoro. Kisha kuna vyama vya hiari vya wahandisi wenyewe: IET (Institution of Engineers Tanzania) kwa Tanzania, IEK (Institution of Engineers of Kenya) kwa Kenya. IEEE nayo ni ya hiari, lakini ni ya kimataifa, na haikufungii mlango kwa kuwa shahada yako haina neno "uhandisi". Umesoma fizikia, hisabati, sayansi ya kompyuta au jiografia ya picha za satelaiti? Unaingia. Kama wewe ni mhandisi, usiache usajili wa bodi kwa sababu ya IEEE. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Hatua ya 2: Chagua jumuiya moja ya fani, usichague tano

Ndani ya IEEE kuna jumuiya za fani karibu arobaini, na kila moja ina ada yake ndogo juu ya ile ya chama. Wa umeme huenda Power & Energy Society, wa mawasiliano Communications Society. Wa vifaa tiba na ishara za mwili wana Engineering in Medicine and Biology Society. Anayepima mafuriko ya Rufiji au ukame kwa picha za satelaiti nyumbani kwake ni Geoscience and Remote Sensing Society. Angalia makala tatu unazozitegemea sana katika utafiti wako, uone zilichapishwa na jumuiya ipi. Hiyo ndiyo yako. Nyingine zitasubiri mwakani.

Hatua ya 3: Lipa kwa wakati unaokufaa

Mwaka wa uanachama ni Januari hadi Desemba. Mwanachama mpya anayejiunga kati ya mwanzo wa Machi na katikati ya Agosti hulipa nusu. Bado uko masomoni? Lipa kama mwanafunzi, tofauti ni kubwa. Umeshahitimu? Kuna punguzo la wahitimu wapya, punguzo kwa wenye kipato kidogo, na uanachama wa kielektroniki wa bei nafuu kwa nchi zenye pato dogo. Punguzo mara nyingi halijitokezi lenyewe, kwa hiyo soma ukurasa wa malipo mpaka chini kabla ya kubonyeza. Kama huna kadi ya benki inayokubali malipo ya nje, kadi pepe ya mtandao wa simu inatosha.

Ukiwa hujafikisha miaka 15 tangu shahada ya kwanza, unahesabiwa kwenye kundi la Young Professionals (wanataaluma vijana) bila ada ya ziada. Wanawake, na wanaume wanaotaka kuunga mkono, wana pia kundi la Women in Engineering (wanawake katika uhandisi).

Hatua ya 4: Jitambulishe kwa tawi, kwa ujumbe wenye ofa ndani yake

Tawi la nchi lina mwenyekiti, katibu na mhazini, na wote wanajitolea baada ya saa za kazi. Ujumbe wa "nimejiunga, naomba mwongozo" huwaongezea mzigo, na mara nyingi unakaa bila majibu. Si kwamba wanakudharau. Andika hivi:

"Habari za kazi, Mwenyekiti. Mimi ni mwanachama mpya, nafanya utafiti wa gridi ndogo za sola vijijini. Nina nafasi Jumamosi mbili kwa mwezi. Naweza kuandika matangazo, kuandaa orodha ya mahudhurio na kuandika ripoti ya mkutano baada ya tukio. Kama kuna shughuli inayokuja, naomba nipangiwe moja kati ya hizo. Nashukuru sana."

Umeona? Umetaja muda na kazi, na umemrahisishia kusema ndiyo. Ukikaa wiki mbili bila jibu, mwandikie katibu. Bado kimya, nenda kwenye tukio lao lolote ukajitambulishe ana kwa ana. Kwetu huku mtu akishaonekana uso mambo huenda haraka.

Hatua ya 5: Andaa mhadhara mmoja mpaka mwisho

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, kwa sababu ndani yake utajifunza chama kinavyoendeshwa.

Anza na mzungumzaji, kwa kuwa ukumbi hupatikana kirahisi kuliko mtu. Huhitaji profesa wa mbali. Mhandisi wa kituo cha kupozea umeme anayeweza kueleza kwa nini gridi ya taifa huzimika yote kwa pamoja atajaza ukumbi. Ukitaka jina kubwa, jumuiya nyingi zina mpango wa Wahadhiri Mashuhuri, ambapo jumuiya yenyewe husaidia kugharamia safari au mhadhara hufanyika kwa mtandao. Kitengo cha fani hiyo, yaani kundi la wanachama wa jumuiya hiyo kwenye tawi lenu, ndicho kinachoomba, na kiombe miezi kadhaa mapema.

Mwombe mzungumzaji vitu vitatu kwa maandishi: kichwa cha mada, aya moja ya maelezo, na wasifu wa mistari mitano. Mpe tarehe ya mwisho iliyo mapema kuliko unavyohitaji. Ukumbi omba kwa barua kupitia idara, ukitaja saa ya kuanza na ya kumaliza, kisha uombe namba ya simu ya fundi wa ukumbi. Siku moja kabla, nenda mwenyewe na kompyuta utakayotumia, uichomeke kwenye projekta. Jaribu kipaza sauti ukiwa nyuma kabisa ya ukumbi, si mbele. Uliza jenereta inawashwa na nani umeme ukikatika, na kama mafuta yapo.

Tangazo lipeleke kwa wawakilishi wa madarasa na makundi ya WhatsApp ya ofisini na vyuoni, wiki moja kabla na tena asubuhi ya siku hiyo. Mlangoni weka karatasi ya mahudhurio yenye safu ya "mwanachama wa IEEE: ndiyo/hapana". Safu hiyo usiisahau. Hatua inayofuata inaitegemea. Na mhadhara uanze kwa wakati hata kama waliofika ni wachache. Waliokuja mapema ndio unaowataka warudi.

Hatua ya 6: Ripoti ndani ya wiki ileile

Matukio yote huingizwa kwenye mfumo wa IEEE unaoitwa vTools: tarehe, mahali, mada, mzungumzaji, wanachama waliohudhuria na wageni. Inaonekana kama kazi ya karani, lakini fedha ambazo makao makuu hurudisha kwa tawi kila mwaka zinategemea ripoti hizi. Kitengo cha fani kinatakiwa kiwe na mikutano isiyopungua miwili kwa mwaka, na tawi isiyopungua mitano. Mkutano usioripotiwa, kwenye hesabu haukufanyika. Nimeona matawi yenye watu wachangamfu yakikosa fedha kwa sababu tu hakuna aliyekaa dakika ishirini kujaza fomu. Kijana anayejulikana kwa kuripoti bila kukumbushwa hupewa ukatibu haraka sana.

Hatua ya 7: Kuwa mhakiki wa makala

Mhakiki ni mtu anayepima makala za wengine kabla hazijakubaliwa. Kwa mwanasayansi, hii ina faida kubwa kuliko cheo. Mikutano ya kisayansi ya Kanda yetu kama AFRICON, iliyowahi kufanyika Nairobi 2009 na 2023, na PowerAfrica, iliyofika Kigali 2022, huhitaji wahakiki wengi kuliko inaopata. Mwandikie mwenyekiti wa programu ya kitaaluma, taja maeneo mawili finyu unayoyaweza na ambatisha makala uliyochapisha au tasnifu. Ukipewa makala, rudisha tathmini kabla ya tarehe. Andika kwanza makala inadai nini, kisha udhaifu mkubwa mmoja au miwili wenye namba ya ukurasa, mwisho marekebisho madogo. Lugha iwe ya heshima. Upande wa pili kuna mwanafunzi kama wewe. Makala ni siri ya mwandishi, kwa hiyo usiibandike kwenye programu za akili mnemba za wazi ili zikuandikie.

Na tahadhari: ukialikwa kwa barua pepe tamu kwenye mkutano usioujua, unaotumia jina la IEEE, utafute kwanza kwenye orodha ya mikutano iliyo kwenye tovuti ya chama. Usilipe kabla ya hapo.

Hatua ya 8: Nafasi, na kupanda daraja

Baada ya mihadhara michache utajua kama fani yako haina kitengo kwenye tawi. Kitengo kipya kinahitaji ombi lenye saini za wanachama 12 wa jumuiya hiyo. Kundi la Young Professionals linahitaji wanachama 6. Kusanya saini kwenye matukio, pale watu wakiwa mbele yako. Uchaguzi wa kamati ukifika, gombea ukatibu kabla ya uenyekiti.

Daraja la Mwanachama Mwandamizi halina ada ya ziada. Linataka miaka 10 ya kazi ya kitaaluma, mitano kati yake ikiwa na mchango unaoonekana. Masomo huhesabiwa: mwenye shahada ya kwanza hupewa miaka 3, mwenye uzamili jumla miaka 4, mwenye uzamivu jumla miaka 5. Unahitaji wadhamini watatu walio Waandamizi au daraja la juu zaidi, na hapa ndipo wengi hukwama kwa kukosa wanaowafahamu. Basi fungua faili leo, andika kila mhadhara ulioandaa, makala ulizohakiki na nafasi ulizoshika, pamoja na mwaka na jina la kiongozi uliyefanya naye kazi. Siku ya kuomba udhamini, mtumie kila mmoja ukurasa huo, na umpe wiki tatu za kujibu.