SOMO: Kuendesha baiskeli milima ya Kalinzi na Manyovu ukiwa likizo Kigoma

Likizo zikikaribia inboksi yangu inajaa swali lile lile: "Nakuja Kigoma, nina baiskeli ya gia, nipite wapi milimani kwenye msitu?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naweka yote hapa, na atakayeniuliza tena nitamtumia linki.

Kabla ya yote: Gombe na Mahale ni hifadhi za kutembea kwa miguu ukiwa na mwongozaji, na wageni huingia kwa boti. Baiskeli iache mjini. Ninachozungumzia ni milima iliyo mgongoni mwa Gombe, upande wa Kalinzi hadi Manyovu. Ziwa liko karibu mita 770 kutoka usawa wa bahari, na huko juu unavuka 1,500. Chini unaacha michikichi, juu unapokelewa na migomba na kahawa, na katikati kuna njia za miguu zinazopita kwenye vipande vya msitu vilivyohifadhiwa na vijiji. Nimezaliwa huku na bado kila nikipanda naona raha.

Hatua ya 1: Msimu. Juni hadi Septemba. Mvua zikianza Novemba udongo mwekundu unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka.

Hatua ya 2: Kusafirisha baiskeli. Basi au treni, toa gurudumu la mbele na pedeli zote mbili. Pedeli ya kushoto ina nyuzi za kinyume: inafunguka kwa kuzungusha spana kufuata mshale wa saa. Watu wameharibu krenki (mkono wa chuma unaoshika pedeli) kwa kulazimisha. Na kama breki zako ni za diski zenye mafuta, ukishatoa gurudumu chomeka kipande cha boksi kilichokunjwa katikati ya pedi. Konda akibana mkono wa breki bila kujua, pedi zitakutana na gurudumu halitarudi.

Hatua ya 3: Ruhusa. Fika ofisi ya kijiji, jitambulishe kwa mtendaji, sema unataka kupita njia ipi. Msitu wa kijiji una wenyewe na una kamati yake. Kama ni msitu wa serikali kuu, kibali ni cha TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Beba kitambulisho cha taifa, kile chenyewe, maana Manyovu ni mpakani na Uhamiaji wanauliza. Usifuate kinjia usichokijua upande wa Burundi.

Hatua ya 4: Kuondoka. Wanaotoka Dar hukosea hapa. Sisi tuko magharibi kabisa lakini tunatumia saa ile ile moja, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi Kigoma bado ni giza. Jua linachomoza karibu saa moja. Panga kutoka saa moja, sio kumi na mbili.

Hatua ya 5: Kupanda. Weka gia nyepesi kabla mlima haujaanza, kaa kwenye siti, kunywa maji kidogo kidogo.

Hatua ya 6: KUSHUKA. Soma taratibu. Kupanda kunachosha tu. Wanaoumia huumia wakati wa kushuka. Mimi hatua hii ilinigharimu tyubu ya mbele katikati ya kona, na korongo lilikuwa kushoto. Kosa ni moja: kubana breki mfululizo kuanzia kileleni hadi bondeni. Kwenye breki za mpira, rimu inapata moto, hewa ndani ya tyubu inatanuka, gundi ya kiraka inalainika na kiraka kinaachia. Kwenye diski, mafuta yakichemka mkono wa breki unaingia mpaka kwenye usukani na baiskeli haisimami. Kwa hiyo: bana kwa nguvu mara moja, achia, acha ipoe, bana tena. Tumia breki zote mbili. Ya mbele ndiyo inayosimamisha hasa, ila ibane ukiwa umenyooka. Punguza mwendo KABLA ya kona. Ukishaingia kwenye kona juu ya changarawe, usiguse ya mbele. Shusha siti kabla ya kuanza, simama juu ya pedeli zikiwa sambamba, rudisha makalio nyuma, viwiko vilegee, macho yatazame mbali. Kila baada ya mteremko mrefu simama, sogeza kiganja karibu na rimu au diski bila kugusa. Ukisikia joto kali, pumzika.

Tahadhari: usishuke na tyubu yenye viraka kwenye gurudumu la mbele. Iliyo na viraka ihamishie nyuma. Usishuke na waya wa breki ulioanza kuchanika nyuzi pale kwenye mkono, na ukague kwa macho asubuhi hiyo hiyo. Na wapishe wanaopanda, hasa mama mwenye mzigo kichwani. Simama kabisa, salimia, apite.

Hatua ya 7: Kurudi. Mwandiga, karibu na mji wa Kigoma, hadi Manyovu ni kama kilomita 60 za lami. Ukichoka, shukia lami.

MASWALI

Kijana_wa_Mwanga: Mkuu somo zuri. Vipi Gombe naweza kuingia na baiskeli nione sokwe?

Mwandishi: Rudi juu, aya ya pili.

Mzee wa Keria: Mimi nina Phoenix ya breki za fimbo. Inafaa au nisijisumbue?

Mwandishi: Shikamoo mzee. Kwa lami ya Manyovu inafaa, wapo wanaobebea mizigo kila siku. Kwa njia za msituni hapana: fimbo zinalegea kwenye mtikisiko na ukikanyaga tope breki hazishiki. Ukipenda kuja nayo, badilisha mipira ya breki mbele na nyuma, na sehemu za mteremko mkali kokota.

Nondo255: Breki ya mbele inapindua mtu. Mimi yangu nimeing'oa kabisa na sijawahi kuanguka.

Mwandishi: Basi usishuke Kalinzi.

Nondo255: Unajibu kwa jeuri. Nimeendesha baiskeli tangu utotoni.

Mwandishi: Sio jeuri. Ukishuka, uzito wako wote unahamia mbele na gurudumu la nyuma linabaki jepesi, ukilibana linaburuzika tu. Kinachopindua mtu ni kubana ghafla akiwa ameegemea usukani. Rudisha makalio nyuma, haitakupindua. Irudishie breki, ndugu yangu.

Dada_Rehema: Natoka Dar, nina pumzi fupi. Huo mwinuko hautaniletea ugonjwa wa milima? Na upepo wa tairi nijaze kiasi gani?

Mwandishi: Maswali mazuri dada. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kuonekana kama mita 2,500. Hata Nkungwe kule Mahale ni mita 2,462, na huku Kalinzi hatufiki huko. Ila ukitoka usawa wa bahari, kwenye mita 1,500 oksijeni inapungua kwa karibu asilimia 16, kwa hiyo utahema kuliko ulivyozoea. Lala usiku mmoja au miwili Kigoma kwanza, siku ya kwanza panda nusu tu. Beba na koti: joto hupungua karibu nyuzi 6 kila mita 1,000, na jasho likikupoa juu kule utatetemeka. Upepo: kwa tairi pana zenye tyubu na mtu wa kilo 60 hadi 70, anzia psi 30 hadi 35. Ukizidisha inarukaruka juu ya mizizi na kukosa mshiko. Ukipunguza sana, jiwe linabana tyubu kwenye rimu, unapata pancha ya matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiona matundu hayo, ujue tatizo ni upepo, usitafute mwiba.

Dada_Rehema: Ahsante sana kaka, hilo la matundu mawili limenifumbua macho. Nimeziba sana nikitafuta miba.

Fundi Ujiji: Naongezea: mbebe kiungo cha akiba cha cheni. Ikikatika msituni, hakuna duka.

Mwandishi: Kweli fundi. Na kifaa cha kukatia cheni chenyewe.

Mla_Migebuka: Mafuta ya cheni yakiisha, mawese si yapo kila nyumba?

Mwandishi: Hapana. Mawese yakipata baridi ya juu yanaganda, yanakamata vumbi na kuwa msasa unaokula cheni. Na tone moja likifika kwenye diski, breki imekwisha, pedi ni za kutupa.

Fundi Ujiji: Bora ya cherehani. Weka tone kwenye kila kiungo, zungusha pedeli kinyume, halafu futa ya nje yote kwa kitambaa kikavu.

Mwandishi: Na upake usiku, isiwe asubuhi ya safari, iwahi kuingia ndani ya viungo.